Msaji wa Malabari katika baridi ya Hartlepool

Manowari ilinigonga utosini, wala sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nashuka ngazi kwenda sitaha ya chini, macho yote miguuni kwa kuogopa kuteleza, nikasahau kwamba walioipanga ile dari hawakumfikiria mtu wa kimo changu. Boriti ikanipokea ti! Mzee mmoja wa kizungu, katika wale wanaojitolea kuwatembeza wageni, akanambia nisione haya, boriti ile kila siku hupata mtu wake. Mkono mmoja nimeshika kichwa, wa pili nimeishika boriti yenyewe nisije nikaanguka. Na pale pembeni, ambapo vichwa na mikono ya watu imekwisha kuila rangi na mti ukabaki uchi, vidole vyangu vikajua kitu kabla sijakijua mimi. Ulikuwa laini, na utelezi ule wa mafuta usiokwisha hata uufute vipi. Mlango wa nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe uko hivyo hivyo. Ule ulikuwa msaji.

Nirudi nyuma kidogo. Naishi Middlesbrough, kazi yangu ya zamu, na Jumamosi nisiyoingia kazini kwa kawaida hulala mpaka adhuhuri. Siku hiyo usingizi ulinikatikia mapema, nikapanda treni mpaka Hartlepool, mji wa bandari usio mbali na kwetu, kwa sababu tu nilikuwa sijawahi kufika. Nilichokijua juu yake ni kile kichekesho wanachotaniwa nacho wenyeji: kwamba zamani za vita vya Napoleon ilizama meli ya Wafaransa mbele ya mji wao, akaokoka kima mmoja aliyevishwa sare, na wavuvi, kwa kuwa hawajapata kumwona Mfaransa wala kima, wakamhukumu kwa ujasusi na kumnyonga. Sidhani kama kuna ukweli. Wenyewe wameufanya utani ule kuwa nembo yao, wamemaliza.

Upepo ulikuwa unatoka baharini. Hii wanaiita Bahari ya Kaskazini, na kila nikilisikia jina hilo roho yangu hudanganyika, maana kwetu kaskazi ni upepo wa neema, ndio ulioleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, na tende, na wageni, na mabibi wengine ambao leo ni mabibi zetu. Kaskazini ya huku huleta mafua.

Ndani ya gati la zamani, katikati ya nyumba zilizojengwa kwa sura ya bandari ya karne ya 18, ndimo inamokaa ile manowari. Milingoti mitatu, kamba zisizohesabika, ubavu mweusi wenye mkanda mweupe uliotobolewa madirisha ya mizinga. HMS Trincomalee. Kwenye omo, pale ambapo meli nyingine za Kiingereza zilichongewa simba au malkia, amesimama mtu aliyefunga kilemba. Nilisimama chini yake nikimtazama kwa muda. Mtu mwenye kilemba, kwenye manowari ya Mfalme wa Uingereza, kwenye mvua ya Hartlepool. Nikamwambia kimoyomoyo: na wewe umefikaje huku?

Neno lenyewe, manowari, nimelitamka tangu utotoni bila kuliuliza linatoka wapi. Ni Kiingereza cha mabaharia, "mtu wa vita", kikavishwa kanga mpaka kikasahau kwao. Na sisi watu wa Unguja tumelijua neno hilo kwa masikio pia, kwa sababu tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani kwa muda usiotimia hata saa moja, na chombo cha Sultani, Glasgow, kikazama pale pale mbele ya Forodhani. Kwa hiyo nilipokata tiketi sikuwa na mapenzi nayo. Niliingia kama unavyoingia kwenye nyumba ya mtu mliyegombana babu zenu.

Ile boriti ndiyo iliyobadilisha mambo.

Yule mzee, alipoona nimeacha kujishika kichwa na sasa napapasa mti, akanieleza. Meli hii haikuundwa Uingereza. Wakati wa vita vya Napoleon mialoni ya kuundia meli ilikuwa imeadimika kwao, wakaamua baadhi ya meli zao ziundwe Bombay, kwa msaji wa Malabari, pwani ya kusini magharibi ya Bara Hindi. Amri ya kuiunda Trincomalee ilitoka mwaka 1812. Ramani zake zikapakiwa kwenye meli nyingine, HMS Java, zipelekwe Bombay. Java haikufika. Ilikutana na manowari ya Marekani, USS Constitution, kwenye pwani ya Brazili mwezi Desemba mwaka huo huo, ikapigwa mpaka ikafaa kuchomwa tu, na ramani zikaenda nayo. Ikabidi zitumwe nyingine. Kazi ikaanza 1816, na tarehe 12 Oktoba 1817 wakaishua. Kufika hapo Napoleon yuko kifungoni Saint Helena mwaka wa pili, vita iliyofanya meli hii itakiwe imekwisha. Hata njiani kwenda Uingereza, Januari 1819, ilitia nanga Saint Helena ikamchukua daktari mmoja, John Stokoe, aliyekuwa amemtibu Napoleon mwenyewe. Huko ndiko kumkaribia adui kwake kwote.

Nikapanda sitahani kutafuta mtandao, nikampigia ami yangu kwa video. Ami ni fundi wa vyombo Nungwi. Alilishika tezo kabla hajashika kalamu, na siku hizi majahazi yamepungua, anaunda zaidi ngalawa na mashua za kupeleka watalii kuogelea.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekukunjana, baridi?"

"Baridi na nundu. Ami, hebu nitazamie mti huu."

Nikashuka naye ngazi, mara hii nimeinama kama mtu anayerukuu, mtandao ukigoma na kurudi, nikamwekea simu kwenye ile pembe ya boriti. Akanyamaza. Nyuma yake nasikia nyundo za wenzake na kuku.

"Sogeza. Usiitikise. Sogeza tena." Kimya. "Kwa simu siapi, lakini huo msaji. Na si huu wa kupandwa kule bara. Huu umekua polepole, tazama nyuzi zake zilivyobanana. Malabari huo. Umeutoa wapi?"

Nikageuza simu nikamwonyesha: mizinga imepangwa safu mbili, kila mmoja mbele ya dirisha lake, dari iliyoinama, boriti baada ya boriti mpaka mwisho wa macho. Ami akaita watu. Nikaona vichwa vitatu, vinne, vinagombania kioo cha simu. Ile nusu saa iliyofuata sikuwa tena mtalii, nilikuwa mtoto wa kutumwa. Nenda tezi. Rudi omo. Tuonyeshe mlingoti unapoingia sitahani. Mkuku wake urefu gani? (Sikujua, nikawaambia meli yenyewe inakaribia mita 46, wakaguna kwa heshima.) Kalafati yao ya nini? Nikamuuliza yule mzee, akasema nyuzi za kamba kuukuu zilizofumuliwa, zikashindiliwa kwenye mishono kwa patasi na nyundo ya mbao, kisha lami ya moto juu. Ami akatikisa kichwa: sisi pamba na mafuta, lakini mkono ni mmoja. Na chini ya maji? Mabamba ya shaba, wadudu wa baharini wasitoboe. Hapo mmoja wa wale mafundi akacheka akasema, sisi shaba yetu ni chokaa na shahamu, na kila baada ya miezi michache chombo kinapandishwa pwani tunaanza upya.

"Muulize," ami akasema, "boriti hiyo unene wake kiasi gani."

Sikuwa na kipimo. Nikatandaza mkono: shibiri moja na vidole vinne.

"Lahaula. Kwa boriti moja mimi natoa dau zima." Kisha akauliza lile nililokuwa nalingoja. "Kaunda nani?"

Nikamwambia Waparsi, wale Wahindi wenye asili ya Uajemi. Jamsetjee Bomanjee Wadia, na Wadia kwa Kigujarati maana yake ndiyo hiyo, muundaji wa meli. Ukoo wao walitoka Surati wakaja Bombay mwaka 1736, na kwa zaidi ya miaka mia gudi la Bombay lilikuwa mikononi mwao, baba kwa mwana, mjomba kwa mpwa. Ami akauliza, Waparsi hawa hawa wa kwetu, waliokuwa wakikaa mjini? Hawa hawa. Wale ambao watalii humtafuta kijana wao mmoja, mwimbaji Freddie Mercury, wakipigana picha mbele ya nyumba Shangani bila kujua watu wake walikuwa akina nani.

Wakati wa kuulaza mkuku, fundi Wadia aligongomea msumari wa fedha, ndiyo ada yao Waparsi, chombo kipate heri. Jambo hilo ami hakuhitaji kufasiriwa. Kwetu ni uvumba, Fatiha na sahani ya pilau, wala chombo hakishuliwi bila ya dua. Ila alisikitika juu ya fedha. "Msumari wa fedha ndani ya mkuku, halafu ukazama baharini, nani anauona?"

Kuna kisa kimoja cha Jamsetjee nilichokijua kutoka kwenye kusoma kwangu, na sikumwambia ami siku ile kwa sababu mafundi wake walikuwepo na mdomo wangu ungekuwa mzito. Husimuliwa kwamba mzee huyu, aliyepewa heshima na Jeshi la Majini la Uingereza mpaka akaagiziwa manowari za vita, kila siku gudini alikuwa akiwasikia Waingereza wadogo wadogo wakimwita kwa rangi yake na laana juu. Hakuwajibu. Alipokuwa anaunda meli iitwayo Cornwallis, akaagiza yachongwe maneno ndani kabisa, kwenye gogo linaloushika mkuku, ambapo hapaonekani mpaka meli ifumuliwe: "Meli hii imeundwa na mweusi mmoja mlaaniwa, mwaka 1800." Miaka mingi baadaye, Cornwallis imerudi gudini kwa matengenezo, ndipo wakayaona, na mzee mwenyewe ndiye aliyewaonyesha. Sijui mtu anahitaji subira ya namna gani kuyaficha maneno kama hayo kwenye ngama ya meli na kunyamaza. Mimi nikitukanwa kazini, kabla zamu haijaisha nimeshawahadithia watu watatu.

Wahenga wamesema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kweli, baada ya kuagana na ami nilikwenda mpaka chini kabisa. Huko chini kuna giza, harufu ya lami, na baridi ya aina nyingine. Juu kidogo ya hapo ndipo walipolala mabaharia, zaidi ya watu 200 katika chombo hiki, kwenye vitanda vya turubai vya kuning'inia, bega kwa bega. Wanapolala ndipo wanapokula. Kwenye sitaha ya juu yake mizinga ya risasi za ratili 18, kila mmoja unataka kundi zima la wanaume kuurudisha ndani baada ya kupiga. Watoto walitumwa kuleta baruti. Na makosa yalilipwa kwa mjeledi wa kamba tisa, mgongo wazi, mbele ya wenzako wote. Jumba la makumbusho limeyapanga haya vizuri, na wapo watoto wa shule waliokuwa wakishangilia kila penye damu. Mimi nilipita haraka. Masimulizi ya meli za Waingereza ni hayo hayo kila mahali: biskuti zenye funza, daktari mwenye msumeno, mjeledi. Msaji ndio ulionishika.

Kwa sababu ni msaji ulioifanya iwepo. Ilipofika Portsmouth tarehe 30 Aprili 1819, amani imetulia na hakuna wa kuitumia, ikafungwa pale bandarini. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka 25. Hebu mwulize fundi yeyote chombo cha mbao kikikaa majini miaka 25 bila kazi kinakuwaje. Mwaloni ungekuwa uyoga. Hii wakaifungua, wakaichonga upya tezi, wakaipunguza mizinga, na mwaka 1847 ikaondoka kwenda Amerika ya Kaskazini na West Indies, kisha miaka ya 1850 Pasifiki. Baada ya hapo wakati wa mvuke na chuma ukaingia, ikawa shule ya kufundishia wanamaji wa akiba, na miaka ya 1860 na 1870 shule hiyo iliwekwa hapa hapa Hartlepool. Mwaka 1897 ikauzwa kwa wavunja meli.

Iliokolewa na ajali ya mwingine. Bwana mmoja tajiri, George Wheatley Cobb, alikuwa na meli yake kuukuu, Foudroyant, iliyowahi kuwa meli ya bendera ya amiri Nelson wa Uingereza, akizunguka nayo miji ya pwani kuionyesha. Mwaka huo huo wa 1897 dhoruba ikaivunja kwenye ufuko wa Blackpool. Akaenda kwa wavunjaji, akainunua Trincomalee, akaipa jina la marehemu. Kwa karibu miaka 90 ikaitwa Foudroyant, ikilea vijana wa kufunzwa ubaharia, kwanza Falmouth, baadaye Portsmouth. Jirani yake pale Portsmouth alikuwa Implacable, meli ya Kifaransa iliyopigana na Waingereza katika vita vya Trafalgar mwaka 1805 ikatekwa wiki chache baadaye. Baada ya Vita Kuu ya Pili hazikupatikana fedha za kuitengeneza Implacable. Mwezi Desemba 1949 wakaivuta baharini na bendera mbili, ya Waingereza na ya Wafaransa, wakaizamisha kwa baruti. Trincomalee ikabaki. Mwaka 1987 ikaletwa Hartlepool juu ya tishari, mji ambao viwanda vyake vya kuunda meli vilikuwa vimefungwa na mafundi wapo mitaani hawana kazi. Wakaitengeneza mpaka 2001, kwa pauni milioni 10 na nusu, na jina lake la kuzaliwa likarudishwa 1992. Manowari Victory ya Portsmouth ni kongwe zaidi, lakini ile imekaa kwenye gudi kavu. Manowari ya Kiingereza kongwe kuliko zote ambayo bado inaelea ni hii ya Bombay.

Nilikaa kwenye mkahawa wao na kikombe cha chai, barafu waliyonipa nimeiweka kwenye nundu, nikafanya hesabu isiyonihusu. Gudi lile lile la Bombay, mwaka 1826, liliunda manowari ya mizinga 74 iitwayo Liverpool, ya Sayyid Said wa Oman, yule yule aliyekuja kuufanya Unguja makao yake. Mwaka 1836 akamzawadia Mfalme wa Uingereza, William wa Nne. Waingereza wakaibadilisha jina wakaiita Imaum, na ikamalizia umri wake Jamaika, imefungwa bandarini kama mbuzi wa nadhiri, mpaka ikavunjwa miaka ya 1860. Hakuna ubao wake tunaoujua. HMS London, manowari ya mwaloni, iliwekwa bandari ya Unguja kuanzia 1874, ikawa ghala, hospitali na kambi ya mashua zilizokimbizana na majahazi ya watumwa mpaka Pemba. Mwaka 1884 ikauzwa kuvunjwa. Na mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, imelala frigeti ya Wareno, Santo António de Tanna, iliyoundwa Bassein, jirani na Bombay, ikazama 1697 ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi waliichimba kuanzia 1977 mpaka 1980. Vyombo vyake vimo ndani ya jumba la makumbusho la ngome, nimeviona. Mbao zenyewe zikafunikwa tena mchanga, kwa sababu mbao zilizokaa majini miaka mia tatu ukizitoa bila ya kuwa na mamilioni zinageuka unga.

Nikaukumbuka na mtepe. Shuleni tulipelekwa Beit al-Ajaib tukauona mtepe uliojengwa upya, umeshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, wa chuma wala wa fedha, na mwalimu akatwambia hivi ndivyo walivyosafiri mababu. Tulikuwa na njaa, tukawa tunatazama saa. Mwezi Desemba 2020 upande mzima wa Beit al-Ajaib ukaporomoka na watu wawili wakafa. Nilikuwa Middlesbrough, zamu ya usiku, nikaiona kwenye simu, na kitu cha kwanza nilichofikiria, Mungu anisamehe, kilikuwa mtepe.

Sikumwambia yule mzee yote haya. Nilimwambia tu kwamba nimetoka Zanzibar na ami yangu ni fundi wa vyombo. Akafurahi kweli, akanipeleka pembeni pasipo wageni akanionyesha kipande cha msaji walichokitoa wakati wa matengenezo, akanipa nikinuse. Miaka mia mbili na harufu haijatoka, ile harufu ya ngozi na mafuta ya zamani. Nikasema nyumbani kwa bibi kunanuka hivi. Akasema naye, nyumbani kwake pia, maana mkewe amechoka kumfulia makoti.

Usiku nimeshalala nusu, simu ikalia. Sauti ya ami, imerekodiwa, na nyuma yake mawimbi ya Nungwi.

"Mwanangu, ile shibiri moja na vidole vinne. Nimeiwaza tangu alasiri. Shibiri ya mkono wako au ya mkono wangu? Maana wewe mikono umechukua ya mamako, midogo. Nimewaambia hawa vijana boriti inafika futi moja, wananiambia nazidisha chumvi. Kapime."

Jumamosi ijayo niko kazini. Ile inayofuata nitakwenda, na futi kamba mfukoni.